Nimpe Nani Kodi? Uchambuzi wa Kisa cha Mirathi cha Ngamiani, Tanga

Tarehe 5 asubuhi, Ngamiani, kwenye baraza la nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6. Mpangaji wa chumba cha pili kushoto, fundi cherehani, ameshika noti nne za elfu kumi. Mwenye nyumba ana siku 45 tangu azikwe. Mbele ya fundi amekaa mdogo wa marehemu, kanzu nyeupe, daftari mapajani.

"Mzee, nimpe nani?"

"Nipe mimi. Ukoo umeshaniteua."

Pazia la ukumbini linasogea, anatokeza binti wa kati wa marehemu. "Shikamoo, baba mdogo. Ukoo umekuteua lini? Mama yuko eda chumba cha nyuma, hajaulizwa neno."

Fundi anazikunja zile noti na kuzirudisha mfukoni. "Basi mkishaelewana mtaniita."

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna familia halisi nyuma yake, ila kila kilichomo ni jambo linalojirudia kwenye majalada ya mirathi ya Mahakama za Mwanzo. Tumekichagua kwa sababu swali la fundi ni swali la kisheria kuliko hotuba nyingi zinazotolewa juu ya maana ya sheria. Hakuuliza nani mkubwa kiumri, wala nani mcha Mungu, wala nani alimuuguza marehemu. Aliuliza ni mkono upi ukipokea zile elfu 40, hatokuja mtu mwingine mwezi ujao kumdai tena. Baba mdogo alikuwa na heshima, binti alikuwa na hoja, lakini siku ile hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu.

Watu na mali

Marehemu alikuwa Mdigo, Mwislamu, mstaafu wa reli. Mke wa kwanza alimtaliki miaka mingi nyuma. Kwake alipata mtoto wa kiume anayeishi Dar es Salaam na wa kike anayeuza vitenge soko la Mgandini. Kwa mke aliyemwacha mjane alipata mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili: huyu wa kati, na kitindamimba aliyemuuguza miaka miwili ya mwisho. Wote wametimiza miaka 18. Wazazi wa marehemu walishatangulia. Wamebaki dada yake mkubwa na mdogo wake wa kiume anayeishi wilaya ya jirani.

Mali ni nyumba ya Ngamiani, ambayo mthamini aliipa shilingi 88,000,000. Shamba la ekari 3 upande wa Pongwe, shilingi 14,000,000. Na akiba ya benki, shilingi 2,400,000. Vyumba 4 kati ya 6 vimepangishwa, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi. Madeni: duka la vifaa vya ujenzi linadai mabati, 5,200,000, hospitali, 1,600,000, na gharama za maziko zilizotolewa na jamaa kwa makubaliano ya kurudishiwa, 1,600,000.

Kila mtu na kanuni yake

Siku ya 41, baada ya arobaini, kilifanyika kikao cha ukoo. Muhtasari wake una sahihi 9. Sahihi ya mjane haimo, wala ya mabinti. Baba mdogo alieleza kwamba mjane hatoki eda, na eda ni miezi 4 na siku 10. Ni kweli kwa mafundisho ya dini, lakini hakuna sheria ya nchi wala fundisho la dini linalozuia karatasi kupelekwa chumbani aisome na kusaini. Eda ilimzuia mjane kutoka. Haikuwazuia wao kuingia.

Ndani ya kikao yalisemwa mambo manne, na kila msemaji aliliita la kwake "sheria".

Baba mdogo alisema mila haimpi mjane fungu. Hutunzwa na wanawe. Mpwa wa marehemu, mtoto wa yule dada, akasema mila ya Wadigo ni ya kikeni, mali ya mjomba huenda kwa mpwa, kwa hiyo shamba ni lake. Mzee wa msikitini akasema mafungu yamo ndani ya Qurani na hayana mjadala. Na kitindamimba, kupitia shangazi yake, akatuma neno kwamba baba alimwambia mbele ya jirani wawili, "Nyumba hii mwanangu ni yako, umenitunza."

Tazama ilivyo. Katika familia moja, mdogo mtu anadai kwa mila ya kiumeni na mpwa anadai kwa mila ya kikeni, na wote wawili wanaapa kwa mababu walewale. Kanuni ya baba mdogo kwa kweli haikutoka kwa mababu zake. Inafanana na kifungu cha Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, ambamo serikali ilikusanya na kuandika mila za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa kiumeni. Wadigo kwa asili hawakuwa jamii ya namna hiyo. Ameisikia mahali, ikampendeza, akaichukua.

Mila, dini, maadili na sheria zote ni kanuni: zinasema lipi lifanywe na lipi lisifanywe. Zote zina adhabu pia. Anayevunja mila hususwa, anayekiuka dini huogopa Siku ya Hesabu, asiye na utu husemwa mtaa mzima, na Ngamiani kusemwa si jambo dogo. Wanaofundisha kwamba sheria ni "kanuni yenye adhabu" wameishia nusu ya njia.

Kinachoitenga sheria ni kwamba jamii imeweka chombo kinachojulikana, chenye mamlaka ya kutamka kanuni ipi inashika katika ugomvi huu, kuandika tamko hilo, na kulitekeleza kwa nguvu ya dola ikibidi. Chombo hicho nacho kimefungwa na kanuni: kimeelezwa kifanye kazi wapi, kwa fomu gani, ndani ya muda gani, na nani anaweza kukikatia rufaa. Kikao cha ukoo hakina mpaka wa namna hiyo. Hakuna pa kukatia rufaa uamuzi wa baba mdogo, ila kwa baba mdogo mwenyewe.

Fungu la dini linapogeuka amri ya mahakama

Hapa ndipo wengi huchanganya. Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi ya dola kama ilivyo Zanzibar. Karatasi ya mgawanyo aliyoandika sheikh, hata ikiwa sahihi kwa asilimia mia, haimlazimishi mpangaji kumpa mtu kodi wala benki kutoa akiba.

Lakini sheria ya nchi yenyewe imeukaribisha Uislamu ndani. Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaruhusu mahakama kutumia sheria ya Kiislamu katika ndoa, talaka, urithi na wakfu kwa jamii inayoifuata, na inaruhusu mila kwa wanaoishi kwa mila. Wasio wa upande wowote kati ya hizo hurithiwa kwa sheria ya India ya 1865, iliyoletwa na Waingereza. Mfumo wetu una ngazi za namna hii nyingi: sheria za Bunge, tarehe ya 22 Julai 1920 ambayo sheria ya Kiingereza ilipokelewa, mila, dini, na juu ya zote Katiba ya 1977.

Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alitaka nini. Huyu aliswali, aliozesha wanawe kwa kadhi, alizikwa Kiislamu, na hakuna mtu aliyemwona akigawa chochote kwa taratibu za kikeni. Mtindo wa maisha yake umejibu. Kwa hiyo thumni ya mjane, yaani sehemu moja ya nane, ambayo msikitini ni mafundisho, ikiingia kwenye hukumu ya Mahakama ya Mwanzo inakuwa amri. Maneno ni yaleyale, ila sasa yana muhuri, tarehe na namba ya jalada, na asiyetii anaweza kufikiwa na dalali wa mahakama.

Mila nayo haikutupwa kwa sababu ni mila. Madai ya mpwa yalisikilizwa, yakaanguka kwa sababu mbili za kawaida kabisa: marehemu hakuishi kwa mila ile, na shamba halikutoka upande wa kikeni. Ilipatikana karatasi ya mauziano, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kiinua mgongo, inayoonyesha kwamba alilinunua mwenyewe kwa jirani mbele ya mwenyekiti. Mila ni lazima ithibitishwe, na ukweli wa mambo ni lazima uthibitishwe kwanza.

Mila ikithibitika bado hukutana na ngazi ya juu. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza ilikataa kanuni ya mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo, kwa kuwa inambagua kinyume cha Katiba. Ibara ya 13 ndiyo iliyofanya kazi. Kanuni ya chini inapogongana na ya juu, ya juu hushika; mpangilio huo wa ngazi huuoni katika maadili wala katika mila.

Wosia wa mdomo wa kitindamimba

Sehemu hii inauma, na ndiyo inayoonyesha vizuri kwamba haki ya moyoni na haki ya kisheria ni vitu viwili. Karibu kila mtu aliyekuwa kwenye msiba aliamini binti yule anastahili zaidi.

Kwa sheria ya Kiislamu, wosia haupiti theluthi moja ya mali, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wenzake waridhie baada ya kifo. Yeye ni mrithi, wenzake hawakuridhia. Akajaribu kusema haukuwa wosia bali hiba, yaani zawadi ya uhai. Hiba inataka mambo matatu: mtoaji atoe, mpokeaji akubali, na mali ikabidhiwe. Marehemu aliendelea kukaa mle, akaendelea kupokea kodi kwa mkono wake hadi mwezi aliofariki. Makabidhiano hayakuwapo. Hata angekimbilia mila zilizoandikwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Yeye alikuwa na jirani wawili.

Mahakama haikusema marehemu hakutamka maneno yale. Ilisema maneno yale, kwa namna yalivyotamkwa, hayahamishi nyumba. Umbo lina uzito katika sheria kwa sababu aliyetamka hayupo tena wa kuulizwa. Mzee angetaka kweli, angeandika hiba akiwa mzima, akamkabidhi hata vyumba viwili na kodi zake, ikajulikana mtaani. Kazi ya asubuhi moja.

Mahakama isiyokuwa ndiyo

Baba mdogo hakukaa. Siku ya 50 alifungua shauri la mirathi, lakini kwenye Mahakama ya Mwanzo ya wilaya anakoishi yeye. Alijaza Fomu Na. 1, akaambatanisha cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Tangazo likabandikwa kwenye mbao za mahakama ile, ambako hakuna mtu wa Ngamiani anayepita. Hakukuwa na pingamizi, kwa kuwa hakuna aliyejua. Siku ya 85 akapewa Fomu Na. 4 inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi. Akaja nayo barazani, na safari hii fundi alilipa ya mwezi huo na ile aliyokuwa ameizuia.

Fundi hakukosea. Mbele ya karatasi ya mahakama, mpangaji hana kazi ya kuchunguza ilipatikanaje. Amri hubaki amri mpaka ibatilishwe na mwenye mamlaka ya kubatilisha. Kila mtu akiachiwa aamue mwenyewe amri ipi inamhusu, sheria imekwisha.

Kasoro ilikuwa kwenye mzizi. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya mirathi ya Kiislamu au ya kimila pale ambapo marehemu, wakati wa kufa, alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Makazi ya marehemu, si ya mwombaji. Marehemu aliishi Ngamiani, na kosa la mahali namna hii halisameheki kama kosa la tahajia.

Binti wa kati alipolijua hilo naye alikaribia kukosea. Alitaka kufungua shauri jipya Tanga mjini. Karani angelipokea, mahakama ingemteua mtu mwingine, na mirathi moja ingekuwa na wasimamizi wawili wenye fomu mbili halali kwa macho. Kwenye majalada hali hii hula miaka. Msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ndiye aliyemzuia: maombi ya kutengua uteuzi hupelekwa kwenye mahakama ileile iliyoteua. Kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971 zinataja sababu, miongoni mwao kupata uteuzi kwa udanganyifu, mahakama kutojua jambo ambalo lingeufanya uteuzi usiwe halali, au mwenendo kuwa na kasoro kubwa iliyogusa uamuzi.

Akaenda kwa nauli yake mwenyewe, na vitu vitatu: barua ya Serikali ya Mtaa inayoonyesha marehemu alikuwa mkazi, kitambulisho cha marehemu, na kiapo cha mama yake, aliyekuwa amemaliza eda, kwamba hakuarifiwa. Uteuzi ukatenguliwa. Hakimu aliandika sababu mbili, na ya pili inafaa kuangaliwa: hata kama mahakama ingekuwa na mamlaka, mjane na mabinti hawakupewa nafasi ya kusikilizwa. Haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba. Sheria haikumuuliza baba mdogo nia yake. Ilimuuliza amefuata njia ipi.

Jambo dogo la pembeni: muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao watu hudhani ndio unaomteua msimamizi, ni utaratibu uliozoeleka tu. Unasaidia mahakama kujua warithi ni nani na kama kuna mgogoro. Mahakama inaweza kumteua yeyote mwenye maslahi katika mirathi, na wakigombana sana, inaweza kumteua ofisa wake au mtu baki mwaminifu.

Je, nani aliamriwa?

John Austin, Mwingereza wa karne ya 19, alieleza sheria kama amri ya mtawala yenye tishio la adhabu nyuma yake. Ukiichukua tafsiri hiyo ukaenda nayo Ngamiani, itakwama barazani. Hakuna aliyemwamuru baba mdogo wala binti aombe usimamizi. Hakuna faini kwa asiyeandika wosia. Sheria ya mirathi kwa sehemu kubwa haiamrishi. Inatoa uwezo, inasema ukitaka kauli yako iwe na nguvu juu ya mali ya marehemu, pita hapa. H.L.A. Hart, Mwingereza wa karne iliyofuata, ndiye aliyeliweka jambo hili wazi: ziko kanuni zinazotuwekea wajibu, na ziko kanuni juu ya kanuni, zinazoeleza kanuni hutambuliwaje, hubadilishwaje, na nani huamua. Kwa mtazamo wetu Hart anakisoma kisa hiki vizuri kuliko Austin. Ugomvi wa Ngamiani tangu mwanzo ulikuwa wa aina hii ya pili.

Shuruti ipo, ila imekaa nyuma. Baada ya uteuzi kutenguliwa baba mdogo alitakiwa kutoa hesabu ya kodi aliyopokea, miezi 3 kwa vyumba 4, shilingi 480,000. Alikuwa ametumia 160,000 kuziba paa linalovuja juu ya ukumbi, akaonyesha risiti za bati na za fundi. Zikakubaliwa. Akarudisha 320,000. Hakukamatwa na hakuna aliyemwita mwizi. Angekataa, hapo ndipo mkono wa dola ungeonekana.

Fomu Na. 5 na hesabu yake

Shauri jipya lilifunguliwa Tanga. Safari hii tangazo lilibandikwa mahakamani na pia kwenye nguzo ya baraza la nyumba yenyewe. Waliteuliwa wasimamizi wawili, mmoja kila upande wa mama: kaka mkubwa wa Dar es Salaam na binti wa kati. Mpwa alileta pingamizi lake la shamba, likaamuliwa kama tulivyoeleza. Alikuwa na siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, zikapita. Tangu Sheria ya Tafsiri ya Sheria irekebishwe mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, lakini Mahakama za Mwanzo zilikuwa za Kiswahili tangu zamani, na mpwa aliisoma hukumu ile mwenyewe mstari kwa mstari. Mtu aliyeshindwa akielewa kwa nini ameshindwa, mara nyingi rufaa hufa hapohapo.

Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, msimamizi hupeleka Fomu Na. 5, orodha kamili ya mali na madeni, nakala mbili. Wengi hukwama hapa. Huorodhesha nyumba, husahau kodi iliyoingia baada ya kifo, au huandika mali bila madeni. Mdai akijitokeza mgawanyo umeshafanyika, inabidi warithi watapike.

Hawa waliandika hivi. Mali: 88,000,000 na 14,000,000 na 2,400,000, jumla 104,400,000. Toa madeni na maziko 8,400,000, inabaki 96,000,000. Kodi: mwezi wa msiba marehemu alikuwa ameshapokea mwenyewe, miezi 7 iliyofuata ni 1,120,000, toa 160,000 ya paa, inabaki 960,000. Kati ya hizo, 320,000 ni alizorudisha baba mdogo na 640,000 ni za miezi 4 ambayo hakukuwa na msimamizi, wapangaji wakazitunza. Halisi ya kugawa ni shilingi 96,960,000.

Mjane mwenye watoto na marehemu hupata thumni, sehemu 1 kati ya 8. Zinazobaki 7 ni za watoto, wa kiume sehemu mbili za wa kike. Wana 2 ni sehemu 4, mabinti 3 ni sehemu 3, jumla 7. Hesabu ikaanguka kama imepimwa: kila sehemu ni 12,120,000. Mjane 12,120,000, kila binti 12,120,000, kila mwana 24,240,000. Mtoto wa mke aliyeachwa ana fungu sawa na mwenzake. Talaka ilimwondoa mama yao kwenye urithi, haikuwaondoa wao. Baba mdogo na shangazi hawapati kitu, kwa sababu ndugu huzuiwa na mtoto wa kiume wa marehemu.

Karatasini imekaa vizuri. Mfukoni je? Fedha taslimu zilikuwa 2,400,000 za benki, zilizopitia akaunti ya mirathi ya mahakama, na 960,000 za kodi. Jumla 3,360,000. Madeni peke yake ni 8,400,000, na madeni hulipwa kabla ya mrithi yeyote. Pengo ni 5,040,000. Kaka mkubwa alikubali kuchukua shamba kwa bei ya mthamini, 14,000,000, akabaki akidai 10,240,000. Mjane na watoto wengine hawakutaka nyumba iuzwe. Kuishika nyumba kulitaka wapate 5,040,000 na 10,240,000, yaani shilingi 15,280,000. Kwa kodi ya 160,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya miaka karibu 8, na mwenye duka la mabati hasubiri miaka 8.

Familia nyingi hukubaliana "nyumba isiuzwe", husaini kwa furaha, kisha hukosa fedha za kusawazisha, na baada ya mwaka nyumba huuzwa kwa haraka na kwa hasara. Hapa aliyeokoa ni binti wa Mgandini. Alitoa 15,280,000 zote, na fungu lake ndani ya nyumba likapanda kutoka 12,120,000 hadi 27,400,000 kati ya 88,000,000. Iliwezekana kwa usafi kwa sababu hakuwa msimamizi. Msimamizi akinunua mali anayoisimamia, kila mrithi atakuwa na haki ya kumtilia shaka. Kaka mkubwa alikuwa msimamizi na alichukua shamba, ndiyo maana bei ya mthamini na sahihi za warithi wote zilitakiwa ziwepo kabla, si baada. Yote yakaandikwa kwenye Fomu Na. 6, hesabu ya mwisho, na nakala ikaenda ofisi ya ardhi kwa ajili ya kubadilisha majina.

Yaliyobaki nje ya jalada

Kitindamimba alipata fungu lake kama dada zake. Wiki moja baada ya jalada kufungwa, yule wa Mgandini alimwambia chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, akae au apangishe ale kodi yake muda wote atakaotaka. Hakuna fomu ya jambo hilo. Kila mtu yuko huru kufanya apendalo na fungu lililokwisha kuwa lake.

Na shamba lile lina minazi 11 upande wa mashariki, iliyopandwa na shangazi mtu miaka mingi kwa ruhusa ya kaka yake. Pwani yetu mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Haikutajwa kwenye Fomu Na. 5, naye hakuidai. Kaka mkubwa alipokwenda kukabidhiwa shamba alimkuta mkwezi yuko juu, na chini shangazi amekaa kwenye gunia anahesabu madafu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Shamba lako hilo. Hii 11 usiiguse."

"Nani ataigusa, shangazi."

Fundi cherehani siku hizi hulipa kwa simu, namba ya binti wa kati, na ujumbe wa malipo huuhifadhi.